Kanisa la Mbao Halipimwi kwa Mwaka wa Kujengwa

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1937 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1979, imechora mstari ambao kila anayejali historia ya Dar es Salaam anapaswa kuufahamu. Mstari huo ni mwaka 1863. Jengo lililosimamishwa Tanzania Bara kabla ya mwaka huo linalindwa hata kama hakuna mtu aliyeliombea ulinzi. Lililosimamishwa baadaye ni jengo tu kama majengo mengine, mpaka waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali.

Ukiuweka mstari huo kando ya tarehe za misheni, matokeo yake yanashangaza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo cha Mpwapwa mwaka 1876. Mlutheri Johann Jakob Greiner alishuka Dar es Salaam mwaka 1887, na Wabenediktini wakaanza kazi Pugu mwaka 1888. Hakuna hata kanisa moja lililotokana na kazi hizo ambalo sheria inalitambua kwa umri wake pekee. Kanisa kongwe la Bagamoyo, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza, limechelewa mpaka huo kwa miaka michache tu, na hata hivyo limechelewa.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba sheria hiyo hiyo haikuisahau mbao. Mlango wa mbao uliochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, na hauwezi kusafirishwa nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo mlango uliochongwa mwaka 1935 kwa ajili ya duka la Uhindini, mtaa wa Wahindi, unatambuliwa na sheria, lakini kanisa dogo la mbao la mwaka 1895, kama lingekuwa limesimama hadi leo mahali fulani Uzaramo, nchi ya Wazaramo nyuma ya Dar es Salaam, lingebaki nje ya mlango huo likisubiri hisani ya waziri. Waliotunga sheria walijua kuiona mbao kama sanaa ya kuuzwa na kuibwa. Hawakuiona kama jengo la watu kukutania.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tatizo letu na makanisa madogo ya mbao ya enzi ya ukoloni halianzi kwa mchwa wala kwa chumvi ya bahari, ingawa hao ndio washtakiwa wa kwanza kila mara suala hili linapozungumzwa. Linaanza kwa namna tunavyopima historia ya jengo. Tunauliza lilijengwa lini na nani alilizindua. Kanisa la mbao haliwezi kujibu swali hilo kwa heshima, kwa sababu baada ya miaka 50 sakafu yake si ile ya kwanza, paa lake limebadilishwa, na nguzo mbili tatu zimekatwa chini na kuungwa upya. Swali linalolifaa ni jingine: nani amekuwa akilitengeneza, na kwa wajibu gani?

Tuanze na jiji lenyewe. Msomaji anayepita Barabara ya Sokoine akitokea Kivukoni analiona kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898 na kukamilika mwaka 1902, na paa lake la vigae vyekundu na mnara unaoitazama bandari. Hatua chache mbele yake lipo kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo Wakatoliki walilianza mwaka 1897 na kulimaliza mwaka 1902 kwa mtindo wa Kigothi. Makanisa hayo mawili yamekuwa sura ya Ukristo wa Dar es Salaam katika kadi za posta na vitabu vya watalii, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ibada ya Kikristo katika mji huu ilianza siku yalipofunguliwa. Ukweli ni kwamba kati ya kufika kwa Greiner na kukamilika kwa Azania Front ilipita miaka 15, na katika miaka hiyo watu hawakukaa bila kusali.

Kwa nini basi mbele ya bahari pamebaki kuta nene peke yake? Sehemu ya jibu imo katika kanuni za ujenzi ambazo utawala wa Kijerumani ulizitoa mwaka 1891, mwaka uleule ambao makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Kanuni hizo ziliugawa mji kwa aina ya majengo. Eneo lililoelekea bahari lilitengewa nyumba za mtindo wa Kizungu, eneo lililofuata likatakiwa liwe na majengo ya vifaa vya kudumu, na nyumba za fito, udongo na makuti zikasukumwa nyuma. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916 na baadaye kuanza kuupanga upya, waliuendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu ambazo wazee wa jiji bado wanazitaja kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Karatasi zilizungumzia vifaa vya ujenzi, lakini kila mtu alijua zinazungumzia watu.

Hilo ni muhimu kwa historia ya kanisa dogo. Jengo la nguzo na fito halikuondoka kwenye mstari wa mbele wa Dar es Salaam kwa sababu lilioza. Liliondolewa kwa amri kabla halijapata nafasi ya kuoza. Mji ulifundishwa kwamba kinachodumu ni kile cha Mzungu, na kwamba kinachojengwa na seremala wa Kizaramo, kwa mti aliouchagua mwenyewe msituni, ni cha muda. Somo hilo tumelihifadhi vizuri kuliko tulivyoyahifadhi majengo yenyewe.

Nyuma ya mji ndiko mambo yalikokwenda kwa mwendo mwingine. Walutheri walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895, na kila kituo kilizaa vituo vidogo vya mafundisho vijijini, ambako chumba kimoja kilikuwa shule asubuhi na kanisa siku ya Jumapili. Kwa upande wa Wakatoliki historia ilikuwa na moto ndani yake. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, kituo cha Pugu kilishambuliwa na kuchomwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Mahali hapo hapo pa Pugu, miongo kadhaa baadaye, Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili ajitoe kwa siasa za chama cha TANU. Mwenye kuandika historia ya Pugu kwa kutafuta jiwe la msingi hatapata kitu kati ya majivu ya 1889 na darasa la Mwalimu. Mwenye kuiandika kwa kufuata watu atapata mfululizo usiokatika.

Sasa turudi kwa mchwa, kwa maana hoja yake haiwezi kupuuzwa. Ni kweli kwamba mbao laini iliyochimbiwa ardhini mahali popote kati ya Bunju na Mbagala haimalizi miaka mingi. Lakini Pwani hii haijawahi kukosa mbao ngumu wala ujuzi wa kuitunza. Nyumba za mawe ya matumbawe za Kilwa, Bagamoyo na Zanzibar zimebebwa na boriti za mikoko kutoka mikoko ya pwani, hasa delta ya Rufiji, na upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti hizo. Mvule na mninga vinajulikana kwa kila seremala kwa uwezo wa kukaa na mdudu. Wajerumani wenyewe walileta mitiki mwishoni mwa karne ya 19, na katika milima ya Usambara walikata miti ya mwangati na kuisafirisha Ujerumani ikatengenezewe penseli. Koloni lilikuwa na mbao za kutosha kuandikia dunia barua. Lilichokosa ni nia ya kuzitumia kwa jengo la heshima katika mji mkuu.

Na dunia ya joto imejaa makanisa ya mbao yaliyosimama. Kanisa kuu la Mtakatifu Georgi katika mji wa Georgetown, Guyana, lililofunguliwa mwaka 1892 na kufika urefu wa mita 43 hivi, lilijengwa kwa mbao baada ya jengo la matofali lililolitangulia kushindwa kuhimili udongo laini wa pwani ile. Kule Paramaribo, Suriname, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilitabarukiwa mwaka 1885, likafungwa kwa miaka mingi kutokana na uchakavu, kisha likakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2010. Miji yote miwili ina joto, mvua na mchwa kama sisi. Yote miwili ilikuwa ya kikoloni kama wetu. Tofauti ni kwamba huko mbao ilikubaliwa iwe kifaa cha jengo kubwa, kwa hiyo ikapata bajeti ya kutunzwa.

Mfano unaonivutia zaidi, hata hivyo, ni wa makanisa madogo, na upo mbali sana na Bahari ya Hindi. Katika visiwa vya Chiloé, kusini mwa Chile, Wajesuiti walifika mwaka 1608, wakati nchi ile ikiwa chini ya Hispania. Walikuwa wachache na visiwa vilikuwa vingi. Kwa hiyo walibuni utaratibu wa kuzunguka kwa mashua mara moja kwa mwaka, wakikaa siku chache katika kila kijiji, wakibatiza, wakifungisha ndoa, kisha wakiondoka. Siku zilizobaki za mwaka kanisa liliachwa mikononi mwa mlei aliyeteuliwa kutoka kijijini, aliyeongoza sala, aliyefundisha watoto na aliyetunza funguo na jengo. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Huyo ndiye katekista wa kigango, au mwinjilisti wa mtaa, ambaye paroko au mchungaji humwona kwa zamu na ambaye bila yeye nusu ya makanisa ya nchi hii yasingefunguliwa milango Jumapili ijayo.

Kanisa la Santa María de Loreto katika mji mdogo wa Achao, kisiwani Quinchao, ndilo kongwe kati ya yaliyobaki. Lilijengwa katika karne ya 18, kwa mbao, na maungio yake yakafungwa kwa vijiti vya mbao badala ya misumari ya chuma, kwa sababu chuma kilikuwa adimu na ghali na mafundi wa visiwani walikuwa wajenzi wa mashua waliojua kuunga mti kwa mti. Mvua ya huko ni nyingi kuliko ya Dar es Salaam, upepo ni mkali, na hewa ina chumvi. Kwa kipimo cha kawaida lingepaswa kuwa limetoweka zamani. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti katika makoloni yake yote, na wale waliolisimamia jengo hilo wakatoweka kwa amri moja. Wafransisko walikuja baadaye wakaendeleza kazi. Lakini katikati ya kuondoka kwa hawa na kuzoeleka kwa wale, wenye kanisa walikuwa wanakijiji, na utaratibu wao wa kazi ya pamoja, unaofanana sana na msaragambo wetu, ndio uliobadilisha ubao ulipooza na kuinua nguzo ilipolala.

Mwaka 2000 makanisa 16 ya Chiloé yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Miaka miwili baadaye mnara wa mojawapo, la mji wa Chonchi, ulianguka kwa dhoruba. Ulijengwa upya. Hakuna aliyesema kwamba kanisa la Chonchi si la kihistoria tena kwa kuwa mnara ni mpya, kwa maana kuanguka na kuinuliwa ndiyo historia yenyewe ya majengo ya aina ile. Nitaongeza kisa kimoja kinachofurahisha: katika mji wa Castro, mbunifu Mwitaliano alichora kanisa la vifaa vya kudumu mwanzoni mwa karne ya 20, na mafundi wa visiwani wakauchukua mchoro wake wakaujenga wote kwa mbao, kuanzia mwaka 1906. Natamani mafundi wa Kisarawe wangekabidhiwa mchoro wa Azania Front.

Ulinganifu na kwetu haukomei kwa katekista. Sisi pia tulikuwa na 1767 yetu. Baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na ilipofika mwaka 1920 walikuwa wamefukuzwa nchini. Wabenediktini hawakurudi katika kazi yao ya Dar es Salaam, na mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi walikuja kuishika nafasi yao. Kwa upande wa Walutheri, wamisionari wa Kijerumani walianza kuruhusiwa kurudi mwaka 1925 tu. Katika miaka hiyo ya ukimya wa kigeni, walimu na wazee wa Kiafrika wa Uzaramo ndio waliokusanya watu, waliofundisha katekisimu na, kwa lazima, waliozuia paa lisidondoke. Hatuna makanisa yao ya kuonyesha. Na kwa kuwa hatuna, vitabu vingi vya historia ya kanisa huruka kutoka kwa mmisionari aliyeondoka hadi kwa mmisionari aliyerudi, kana kwamba katikati palikuwa na uwanja mtupu.

Hapa ndipo ninapoona hasara halisi ya kupotea kwa makanisa ya mbao. Jengo la mawe linaweza kukaa miaka kumi bila mtu na likabaki. La mbao haliwezi. Kila mwaka ambao kanisa la mbao limesimama ni ushahidi kwamba mwaka huo kulikuwa na watu waliolishughulikia. Wenye majahazi wa Pwani wanalielewa jambo hili kuliko wahifadhi wa majengo: chombo hupandishwa mchangani, hukalafatiwa, hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, ubao uliochoka hutolewa na mpya ukatiwa, na baada ya miaka 40 hakuna anayebisha kwamba ni jahazi lilelile la babu. Kinacholifanya liwe lilelile ni mkono unaolirithi.

Si lazima tuende Chile kulithibitisha. Makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi, Kampala, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni majengo ya nguzo, matete na nyasi, na kazi ya kuezeka ni haki na wajibu wa ukoo maalumu, ukoo wa Ngeye. Jengo kuu liliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Lilijengwa upya, na mwaka 2023 eneo hilo liliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kama Kasubi ingepimwa kwa umri wa nyasi zake, ingekuwa jengo jipya kuliko maghorofa mengi ya Kariakoo. Imepimwa kwa mfululizo wa watu wenye wajibu, na kwa kipimo hicho ni ya karne ya 19. Wataalamu wa urithi walikwishalikubali wazo hili kwa maandishi tangu mwaka 1994, katika Azimio la Nara lililotolewa Japani, nchi ambayo mahekalu yake ya mbao hubadilishiwa sehemu kizazi hadi kizazi. Sheria yetu bado inauliza mwaka.

Kuna pingamizi mbili ambazo mwandishi mwaminifu hawezi kuziruka. Ya kwanza ni kwamba haya ni majengo ya ukoloni, na kwamba waliochoma Pugu mwaka 1889 walikuwa na sababu zao. Nakubali kwamba walikuwa nazo. Kituo cha misheni kilifika pamoja na kampuni, bendera na kodi, na watu wa wakati ule hawakuwa na wajibu wa kuvitenganisha. Lakini pingamizi hilo lina nguvu zaidi dhidi ya makanisa ya mawe tunayoyatunza kuliko dhidi ya madogo tuliyoyapoteza. Azania Front ilisimamishwa mbele ya bandari ili ionekane na meli zinazoingia. Chumba cha nguzo na fito huko Maneromango hakikujengwa kionekane na meli yoyote. Kama nia yetu ni kuikumbuka historia ya Waafrika ndani ya enzi ile, basi tumehifadhi nusu isiyo yetu na kuiacha ile iliyo yetu zaidi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha upendeleo huo. Katika kanisa la Mkunazini, Zanzibar, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga katika miaka ya 1870 mahali palipokuwa soko la watumwa, upo msalaba wa mbao uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake mwaka 1873. Watalii huonyeshwa msalaba huo kila siku, na ni haki yao kuonyeshwa. Kumbe tunaweza kuutunza mti kwa miaka zaidi ya 100 na kuuheshimu, ilimradi umeguswa na jina kubwa la Mzungu. Ubao uliorandwa na seremala asiye na jina haujawahi kupata kioo cha kuufunika.

Pingamizi la pili ni la nafasi na fedha, na hili ndilo linaloamua mambo kila wiki katika jiji hili. Usharika wa Kimara au Gongo la Mboto unaokua hauwezi kubanana katika banda la watu 80 kwa ajili ya kumfurahisha mwandishi wa makala. Njia ya makanisa yetu inajulikana: watu huanza chini ya mwembe au turubai, kisha linakuja banda la nguzo, papi na mabati, linalopakwa oili chafu miguuni ili mchwa wachelewe, baada ya harambee kadhaa msingi wa kanisa la tofali unachimbwa pembeni, kuta zinapanda kuzunguka au kando ya banda, na siku ya kuezeka kenchi ikikamilika banda linavunjwa. Mbao nzima zinakwenda kwenye jiko la usharika au darasa la shule ya Jumapili. Zilizobaki zinakuwa kuni. Mninga kwa bei ya leo si kitu cha kuchezea, na hakuna mzee wa kanisa atakayekubali kununua mbao za gharama kubwa kwa ajili ya jengo ambalo kila mtu analiona kama la kupita.

Sisemi kila banda lihifadhiwe. Hata majengo makubwa ya jiji yameshindwa kulindwa, na jengo la Salamander katika Mtaa wa Samora, lililojulikana kwa kila mkazi wa katikati ya mji, lilibomolewa katika muongo wa 2010 pamoja na kelele zote za wapenda historia. Lakini kati ya kuhifadhi kila kitu na kutohifadhi chochote ipo nafasi kubwa ambayo hatujaitumia. Waziri ana mamlaka ya kutangaza jengo la baada ya 1863, na hakuna kifungu kinachodai liwe la mawe. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inazungumzia ushiriki wa jamii katika kutunza urithi. Bado liko Boma la Kale, jengo la enzi ya Sultani Majid katika miaka ya 1860 ambalo sasa lina kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya Dar es Salaam, mahali ambapo michoro na picha za majengo madogo zingeweza kukusanywa kwa gharama ya wino na karatasi. Kinachokosekana ni kigezo. Iwapo sheria itafanyiwa marekebisho tena, ningependekeza kifungu kimoja cha kutambua jengo kwa mwendelezo wa matumizi na matunzo yake, kiwe kwa kanisa, msikiti mdogo wa makuti, au barza ya kijiji. Mwaka 1863 ubaki kwa magofu. Majengo yenye watu yapimwe kwa watu.

Kwa upande wa makanisa yenyewe, kazi ni nyepesi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu makanisa yetu yana utamaduni mkubwa wa madaftari. Daftari la ubatizo linajua nani alibatizwa lini na wasimamizi wake walikuwa akina nani. Daftari la ndoa lina mashahidi. Daftari la sadaka lina shilingi hadi ya mwisho. Kinachokosekana ni daftari la jengo: mwaka gani nguzo za upande wa mashariki zilibadilishwa, fundi alikuwa nani, mti ulitoka wapi, na nani aliulipia. Jubilei ya miaka 25, 50 au 100 inapofika, usharika au parokia huchapisha kijitabu chenye picha za wachungaji au mapadre waliopita, jina la mgeni rasmi aliyeweka jiwe la msingi, na orodha ya kwaya. Kuna nafasi ya ukurasa mmoja zaidi kwa ajili ya mafundi: waliosimamisha banda la kwanza, waliolitia viraka kila masika, na waliolishusha, pamoja na maelezo ya mahali ambapo mbao zake zilipelekwa. Katika sharika zilizoanza miaka ya 1970 na 1980 baadhi ya mafundi hao bado wako hai na bado wanakaa viti vya nyuma.